Siku nne Padua: kwa nini nawavusha wanafunzi bahari kwenda kuangalia mti mmoja

Kila nikipeleka ombi la safari ya masomo, swali hurudi lile lile: kwa nini wanafunzi wa usanifu mandhari wasafiri mbali hivyo kwenda kuangalia bustani, wakati picha zake zimejaa mtandaoni? Ni swali la haki. Fedha ni za wazazi na za chuo, na muda ni wa masomo mengine. Kwenye fomu nimepewa mistari minne ya kujibu, nami sijawahi kutosheka nayo, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Jibu langu limekaa katika mji mmoja wa kaskazini mwa Italia, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni kutoka Venice. Wengi wetu tunalijua jina lake tangu utotoni kwa sababu ya Mtakatifu Antoni wa Padua. Waitaliano wenyewe huuita Padova. Ukitoka kwenye kanisa kubwa la Antoni ukatembea dakika chache kuelekea kusini, kabla hujaifikia abasia ya Mtakatifu Yustina, unakutana na ukuta wa mviringo. Ndani ya ukuta huo ndimo ilimo bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Padua. Ilianzishwa mwaka 1545 na haijahama tangu hapo. Bustani ya Pisa ilitangulia kidogo, lakini ilihamishwa. Hii ndiyo kongwe kuliko zote duniani ambazo bado zipo pale pale zilipoanzia. UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997.

Ukongwe peke yake usingetosha kunifanya nipande ndege na vijana 18. Kinachonivuta ni sababu iliyofanya bustani hii ijengwe, kwa kuwa ndiyo sababu ya safari yenyewe.

Katika karne ya 16, dawa nyingi zilitoka kwenye mimea. Mwanafunzi wa tiba alikaa darasani akasikiliza mwalimu akisoma maandishi ya Wagiriki na Waarabu: mmea huu hushusha homa, ule hufunga tumbo, mwingine ukizidisha kipimo huua. Shida ilikuwa pale mwanafunzi alipotoka nje. Mmea ulioandikwa na Mgiriki miaka 1,500 iliyopita ulikuwa upi hasa? Jina moja liliweza kubeba mimea kadhaa, na mmea mmoja ukawa na majina tofauti kila mkoa. Wauza dawa wengine walikosea kwa kutojua, wengine walidanganya kwa makusudi, na daktari aliyesomea kitabuni hakuwa na namna ya kuwakamata. Aliyelipia makosa hayo alikuwa mgonjwa.

Francesco Bonafede alikuwa na kiti cha uprofesa cha kufundisha hizo dawa za mimea tangu mwaka 1533. Aliona wazi kwamba maneno hayatoshi, akaomba kiwanja ambako mimea halisi ingepandwa ili wanafunzi waone kwa macho. Padua wakati huo ilikuwa chini ya Jamhuri ya Venice, na Seneti ya Venice ilikubali. Ardhi ikapatikana kwa watawa Wabenedikto wa abasia ya Mtakatifu Yustina. Meli za Venice, zilizokuwa zikizunguka bandari za mashariki ya Mediterania, zikawa njia ya kuletea mimea ambayo Padua haijawahi kuiona.

Baadaye chuo kiliongeza kazi ambayo jina lake la Kilatini ni ostensio, yaani kuonyesha. Mwalimu mmoja alisoma mhadhara. Mwingine aliwatoa wanafunzi nje, akasimama mbele ya mmea, akauonyesha. Kuonyesha kukawa somo kamili, lenye mwalimu wake na mshahara wake. Nikiulizwa safari yetu ni ya nini, neno langu ni hilo.

Nimelifikia kwa kukosea. Safari yangu ya kwanza niliipanga kama mtu anayeogopa kulaumiwa kwamba hakuwaonyesha watoto vya kutosha: miji mitano kwa siku sita, bustani asubuhi, makumbusho mchana, basi jioni. Wanafunzi walirudi na picha maelfu. Wiki mbili baadaye nikawaomba wachore kwa kumbukumbu sehemu yoyote waliyoitembelea, vipimo na yote. Hawakuweza, hata wale hodari. Niliumia sana siku ile, na kosa halikuwa lao. Sasa tunakaa mji mmoja siku nne, na bustani moja tunairudia mara tatu.

Kabla sijaingia langoni, neno moja kuhusu karatasi, maana walimu wenzangu huniandikia sana kuuliza. Kanuni za viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia ikiwemo, zinasema wanafunzi na walimu wanaofuatana nao kwa ajili ya masomo hawalipi ada ya viza. Wengi hulipa kwa kutojua. Ada ya huduma ya wakala anayepokea maombi ni jambo jingine. Hiyo mara nyingi inabaki. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 kwa matibabu na iwe na nguvu katika nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Mwaka mmoja kampuni tuliyonunua bima ilituandikia vyeti vinavyokwisha siku moja kabla ya ndege ya kurudi, na hatukugundua hadi dirishani. Vijana wanne walirudishwa na mafaili yao, mmoja akilia. Tangu siku hiyo nasoma kila cheti mwenyewe, tarehe kwa tarehe, kwa kidole.

Siku ya kwanza tunaanzia chuoni, wala si bustanini. Chuo Kikuu cha Padua kilianza mwaka 1222, walimu na wanafunzi walipoondoka Bologna wakitafuta uhuru zaidi wa kusoma na kufundisha. Jengo lake la kale linaitwa Bo, yaani ng'ombe dume kwa lahaja ya huko, kwa sababu palikuwa na nyumba ya wageni yenye alama ya ng'ombe. Uani kuta zimejaa ngao za ukoo za wanafunzi na viongozi wa chuo wa karne zilizopita, zimesongamana mpaka kwenye dari za baraza. Galileo alifundisha Padua miaka 18, kuanzia 1592 hadi 1610, na Januari ya mwaka wake wa mwisho pale ndipo alipoiona miezi ya Mshtarii kwa darubini yake. Jukwaa la mbao linalohusishwa na mihadhara yake bado lipo. Copernicus naye alisoma hapa. Hayo yote yanasemwa na kila muongoza wageni, nami huyapitia haraka.

Ninapokaa ni kwenye ngazi, mbele ya sanamu ya Elena Lucrezia Cornaro Piscopia. Tarehe 25 Juni 1678, akiwa na umri wa miaka 32, alitunukiwa shahada ya udaktari wa falsafa, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza duniani kupata shahada ya namna hiyo kutoka chuo kikuu. Watu waliojitokeza kumsikiliza walikuwa wengi mno, mtihani ukahamishiwa kanisa kuu la mji. Lakini falsafa haikuwa ombi lake la kwanza. Aliomba shahada ya teolojia, na askofu wa Padua, Kardinali Gregorio Barbarigo, akakataa kwa sababu mwombaji ni mwanamke. Nawaambia wanafunzi wangu walishike jina hilo la Barbarigo. Siku ya tatu tutaingia katika bustani ya familia yake.

Halafu ukumbi wa anatomia. Ulijengwa mwaka 1595 kwa juhudi za Girolamo Fabrici wa Acquapendente, na ndio ukumbi wa kudumu wa anatomia wa kale zaidi uliosalia. Huingii kwa juu kama mwanafunzi wa zamani. Unaingia kwa chini, kutoka chumba walimoandaa maiti, unajikuta umesimama pale pale palipokuwa na meza, ukiangalia juu. Ngazi 6 za umbo la yai zinapanda moja juu ya nyingine, kila moja na ukingo wake wa mbao za mjozi zilizochongwa. Nafasi ya kusimama ni nyembamba kiasi kwamba mtu akizimia hana pa kuangukia. Hapakuwa na madirisha. Walipasua maiti majira ya baridi, kwa mwanga wa mishumaa, ili mwili usiharibike upesi. William Harvey, daktari Mwingereza, alisimama kwenye ngazi hizo kabla ya kuhitimu mwaka 1602. Mwalimu wake Fabrici alikuwa akichunguza vilango vidogo vilivyomo ndani ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, na mwaka 1628 Harvey akachapisha hoja yake kwamba damu huzunguka mwilini.

Mwanafunzi anayesomea kupanga mandhari huniuliza kwa haki kabisa: maiti zinanihusu nini? Namwambia atoe karatasi achore ramani ya ukumbi ule kutoka juu. Anapata duara lililovutwa kidogo, na katikati kitu kimoja cha kutazamwa. Kisha namwambia aiweke karatasi hiyo, tutaihitaji kesho.

Kesho yake ndiyo bustani. Tunafika kabla milango haijafunguliwa, kwa makusudi, ili niwasomee bamba la jiwe la langoni, lenye sheria za kale kwa Kilatini. Sheria ya kwanza inakataza kugonga mlango kabla ya siku ya Mtakatifu Marko Mwinjili, yaani Aprili 25, na kabla ya saa 22. Hapo mgeni mwingine huduwaa: bustani inafunguliwa saa nne usiku? La. Waitaliano wa wakati huo walihesabu saa kuanzia machweo ya jua, kwa hiyo saa 22 ni saa mbili kabla ya jua kuzama tena. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hatuhitaji maelezo marefu. Saa moja kwetu haianzi katikati ya usiku. Ni sehemu chache sana Ulaya ambako mwanafunzi wangu ameelewa jambo upesi kuliko wenyeji, na hii ni mojawapo. Sheria nyingine zinakataza kuvunja matawi, kuchuma maua, kung'oa mizizi, na adhabu zimetajwa: faini, kifungo, kufukuzwa nchini.

Adhabu zilikuwa kali kwa sababu mali iliyokuwa ndani ilikuwa ya thamani. Mmea wa dawa wa kigeni ulikuwa fedha. Wezi walikuja usiku, na mwaka 1552 chuo kikajenga ukuta wa mviringo unaoonekana hadi leo. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu vya historia ya usanifu hupenda kuanza na maana za mbinguni: duara ni ulimwengu, mraba ni dunia, robo nne ni pande nne. Maana hizo zipo kweli, na Daniele Barbaro, msomi wa Venice anayehusishwa na mchoro wa bustani, alizijua vizuri. Lakini ukuta wenyewe ulijengwa kwa ajili ya wezi. Msanifu anayejifunza kusoma bustani ya kale aanze na mahitaji, ndipo aende kwenye ishara.

Sasa karatasi ya jana inatolewa. Duara la bustani lina kipenyo cha mita 80 na ushei. Ndani yake kuna mraba, mraba umegawanywa na njia mbili zinazokatana katika robo nne, na kila robo ina mchoro wake wa vitanda vidogo vya mawe, tofauti na mwenzake. Weka ramani ya ukumbi wa anatomia kando ya ramani hii. Chuo kile kile, ndani ya nusu karne, kilijenga maumbo mawili ya kukusanya macho ya watu: moja kuuzunguka mwili, jingine kuizunguka mimea. Huwa nanyamaza dakika kadhaa hapo. Wengine wanaona mara moja, wengine nasikia "aaah" yao baada ya muda.

Na mchoro wa vitanda ulikuwa na kazi. Mwaka 1591 kilichapishwa kijitabu cha bustani hii chenye ramani za robo zote nne, vitanda vimepewa namba, na nafasi zimeachwa wazi ili mwanafunzi ajaze jina la mmea alioukuta katika kila kitanda. Fikiria hilo. Bustani nzima ilikuwa faharasa: ukiijua robo na namba, unaufikia mmea, unaulinganisha na ulichosoma, unaandika. Nimewatengenezea wanafunzi wangu daftari la namna hiyo hiyo, ramani upande wa kushoto na mistari mitupu kulia. Simu zinabaki kwenye begi mpaka saa sita mchana. Wananung'unika, lakini tumekubaliana.

Zoezi ni moja tu. Kila mtu achague mmea mmoja na akae nao saa nzima. Asisome kibao chake kwanza. Achore, apime kwa shubiri, aguse pale anaporuhusiwa, anuse, aandike anachokiona na asichokielewa. Dakika kumi za mwanzo ni rahisi. Za kati ni ngumu sana. Mtu anadhani amemaliza, anatazama saa, anatazama wenzake. Ni baada ya dakika arobaini hivi ndipo jicho linapoanza kufanya kazi.

Nitaeleza tukio moja, la mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyechagua mti mzee kuliko yote iliyomo. Ni wa jamii ya minazi, lakini ni wa Mediterania, jina lake la kitaalamu ni Chamaerops humilis. Ulipandwa mwaka 1585. Umejengewa nyumba yake ya vioo yenye pande nane, na vigogo vyake vyembamba vimepanda juu mpaka shingo inauma kuvifuata. Yeye hakuangalia juu. Alichuchumaa chini, kwenye machipukizi ya shinani, akawa anachora majani yale madogo ambayo wageni huyapita. Nilipofika alikuwa amechora majani matano kwa mstari.

"Mwalimu," akaniambia, "hili la chini kabisa halijagawanyika. Ni kama ulimi tu. Hili limepasuka mara moja. Hili mara tatu. Halafu angalia lile la juu, limekuwa upepeo kamili. Mbona ni mti mmoja?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwonyesha kibao ambacho hakuwa amekisoma. Mti huo unaitwa mtende wa Goethe, kwa sababu mshairi wa Kijerumani Johann Wolfgang von Goethe alisimama mahali pale Septemba 1786 akaona jambo hilo hilo: majani ya chini yakiwa mazima kama mkuki, yanayofuata yakigawanyika hatua kwa hatua, hadi upepeo unapokamilika. Alimwomba mtunza bustani amkatie mfululizo wote wa majani, akaondoka nao. Mwaka 1790 akachapisha insha yake juu ya namna mmea unavyobadili umbo, akidai kwamba viungo vya mmea, kuanzia majani ya mche mpaka petali za ua, ni kiungo kimoja kinachojigeuza. Botania ya leo imeyarekebisha mengi katika maelezo yake, ila wazo kwamba sehemu za ua zina undugu na jani limesimama, na wanajenetiki wamelithibitisha kwa njia ambazo Goethe asingeweza kuziota.

Yule kijana alirudi kwenye daftari lake akaongeza jani la sita. Picha za mti ule zipo nyingi mtandaoni, na karibu zote zimepigwa kuelekea juu, kwenye kichwa.

Mchana tunazunguka maeneo mengine ya bustani kwa mwendo wa kawaida. Nje ya ukuta kuna platani ya mwaka 1680, shina lake lina uwazi ndani, na bado linatoa majani kila mwaka kama mti mchanga. Kuna magnolia inayosemekana kupandwa mwaka 1786, ambao ndio mwaka wa ziara ya Goethe. Kuna sehemu ya mimea yenye sumu, ambayo mara nyingi ni ile ile ya dawa, ikitofautiana kwa kipimo tu. Natamani kila bustani ya kufundishia ingekuwa na kona kama hiyo. Inaelezwa kwamba alizeti, viazi mviringo na mlailaki vilianza kukuzwa Italia kupitia hapa. Na tangu mwaka 2014 kuna nyumba mpya za vioo, zenye urefu wa mita 100 hivi na urefu wa kwenda juu mita 18, ambamo spishi takriban 1,300 zimepangwa kwa kufuata tabianchi, kutoka msitu wa mvua hadi jangwa. Ni kazi nzuri, nami nawaachia wanafunzi wa teknolojia ya majengo waichambue, kwa kuwa maji ya mvua, jua na hewa vimepangiliwa humo kwa uangalifu mkubwa. Moyo wangu hubaki kwenye duara la zamani.

Jioni tunakwenda Prato della Valle, dakika tano kwa miguu. Ni kiwanja chenye karibu mita za mraba 90,000, katikati kisiwa cha umbo la yai kilichozungukwa na mfereji wenye sanamu 78 kando zake. Palikuwa bwawa la matope hadi mwaka 1775, Andrea Memmo, kiongozi aliyetumwa na Venice, alipoamua kupakausha. Wanafunzi huketi kingo za mfereji bila kuambiwa, na mimi huwahesabia kimyakimya nani ametambua kwamba ameketi kwenye mfumo wa kuondoa maji.

Siku ya tatu basi linatupeleka kusini magharibi, kwenye vilima vya Euganei, mahali paitwapo Valsanzibio. Hapo ndipo jina la Barbarigo linaporudi. Tauni ya 1630 na 1631 iliua watu wengi sana Venice na maeneo yake. Familia ya Barbarigo ilikimbilia huku, na Zuane Francesco Barbarigo akaweka nadhiri: Mungu akiwanusuru waliobaki, atajenga jambo kubwa. Bustani ilijengwa kati ya 1665 na 1696, na aliyeipa maana zake ni mwanawe Gregorio, yule yule askofu aliyemkatalia Elena teolojia. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1960. Wanafunzi wa kike huingia pale na hasira ya siku ya kwanza bado wameibeba, nami sijaribu kuwapoza. Mtu anaweza kuamini kwamba kila roho ina safari ya kwenda kwa Mungu, akaijengea bustani nzima, na bado akamfungia mtu mlango. Waitazame bustani wakilijua hilo.

Bustani yenyewe ni mahubiri yanayotembelewa kwa miguu. Zamani wageni walifika kwa mashua na kushukia kwenye lango la Diana, mungu wa kike wa kuwinda, anayewakilisha dunia ya kale. Kutoka hapo kuna mabwawa, chemchemi na sanamu kama 70. Unapita kwenye mzingile, yaani njia zilizotatizwa makusudi ili mtu apotee, wa buksi, kichaka chenye majani madogo magumu yasiyopukutika, kilichokatwa kuwa kuta ndefu kuliko mtu. Njia zake zikijumlishwa zinafika kilomita moja na nusu, na njia za kupotea zinawakilisha vichwa saba vya dhambi. Karibu na mzingile kuna pango la mtawa aishiye peke yake, la kutafakari. Kuna kisiwa cha sungura, viumbe waliofungwa na mahali na wakati: wanazaliwa, wanazaana, wanakufa. Mkabala na kisiwa kuna sanamu ya Wakati, mzee mwenye mabawa aliyebeba mzigo mgongoni. Mwishoni unapanda ngazi zilizochongwa mistari ya shairi, mpaka mbele ya nyumba.

Huku zoezi ni la miili. Nawagawa wawili wawili waingie mzingileni, mmoja akiandika kila uamuzi: kushoto, kulia, kwa nini. Wakitoka tunalinganisha. Karibu wote huwa wamechagua njia yenye mwanga zaidi, au ile iliyoelekea kwenye mnara mdogo uliopo katikati, na msanifu wa karne ya 17 alijua watafanya hivyo. Njia inayoelekea unakotaka kwenda ndiyo inayokurudisha nyuma. Hilo huwezi kulifundisha kwa ramani, maana kwenye ramani unaiona bustani kutoka angani, kama ndege, na ndege hapotei.

Halafu nawapigisha magoti. Buksi ya Ulaya iko hatarini. Mwaka 2007 aligunduliwa Ulaya nondo wa kutoka Asia Mashariki, Cydalima perspectalis, ambaye viwavi wake hula buksi mpaka gome. Kabla ya hapo kulikuwa tayari na ukungu unaopukutisha majani. Nondo hutaga upande wa chini wa jani, na viwavi huanzia ndani ya kichaka, kwa hiyo kwa nje ukuta unaweza kuonekana mzima huku ndani umeanza kuliwa. Nawafundisha kutenganisha matawi taratibu kwa vidole viwili na kutafuta nyuzi nyeupe, vinyesi vidogo vya kijani na majani yaliyobaki mishipa tu. Anayetunza bustani ya kihistoria anatunza viumbe hai wenye umri wa mababu. Jiwe la sanamu likivunjika utalichonga upya, lakini ukuta wa buksi wa miaka 300 ukifa, anayeupanda leo hatauona ukirudi.

Siku ya mwisho tunarudi kwenye duara la Padua kwa mara ya tatu. Hakuna mhadhara wangu. Kila mwanafunzi anasimama mbele ya mmea wake na kuuonyesha kwa wenzake, dakika tano, bila kusoma popote. Mwaka huu wa mwisho zamu iliyofunga ilikuwa ya binti mmoja mpole, ambaye darasani sauti yake haivuki dawati la pili. Alikuwa amechagua ginko iliyopandwa mwaka 1750. Alituambia kwamba ginko zina jinsia, mti dume mbali na mti jike, na kwamba huu ni dume. Kisha akatuambia tusogee, akanyoosha mkono kuelekea juu, akasema kwamba katikati ya karne ya 19 mtu alichukua kikonyo, yaani kijitawi, cha mti jike akakiunganisha kwenye dume hili kikaota, ili wanafunzi waone jinsia zote mbili kwenye mti mmoja bila kuhama.

Mmoja wa wenzake akauliza: wewe umejuaje ni tawi lipi?

"Sijui bado," akasema. "Nimekaa hapa siku mbili nalitafuta. Njooni mnisaidie." Wote 18 wakalizunguka shina, vichwa juu, wakaanza kufuata tawi moja baada ya jingine.